Uboho uliposimama: uchambuzi wa kisa cha mtoto mwenye selimundu aliyeambukizwa kirusi cha parvo B19

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya na wazazi wanaolea watoto wenye selimundu. Jina, jinsia, umri kamili, mahali na tarehe vimeondolewa, na siku zinahesabiwa kuanzia mgonjwa alipofikishwa kituoni kwa mara ya kwanza, ambayo ndiyo siku ya 1. Nilikuwa miongoni mwa waliomhudumia kuanzia siku ya 4. Nimekichagua kwa sababu ndani yake jeni, kirusi na seli moja changa vilikutana kwa siku chache, na kwa sababu swali ambalo lingetufikisha kwenye utambuzi siku ya 1 lilikuwa jepesi, ila hakuna aliyeliuliza.

Usuli

Mgonjwa alikuwa mtoto wa umri wa shule ya msingi aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mdogo wake alikuwa na hali hiyohiyo, na watoto hao walilala kitanda kimoja. Wazazi wao, kila mmoja akiwa na jeni moja tu ya selimundu, hawakuwa wagonjwa. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa, bila kujali waliotangulia wamezaliwaje.

Kosa lenyewe la kinasaba ni dogo kupita kiasi. Katika jeni inayotengeneza mnyororo wa beta wa hemoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 11, herufi moja ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi ya amino iitwayo glutamiki inachukuliwa nafasi na valini katika nafasi ya 6. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ina tofauti ya kimolekuli, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaibaini asidi ya amino iliyobadilika. Hemoglobini hiyo ikipungukiwa oksijeni hujipanga katika nyuzi ngumu, chembe nyekundu ikapinda kama mundu, ikachakaa na kuvunjika mapema. Chembe nyekundu ya mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa selimundu huishi kati ya siku 10 na 20 tu.

Kwa hiyo mtoto huyu, hata katika siku zake njema, aliishi kwa juhudi za uboho wake, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu, ambao ulifanya kazi usiku na mchana kuziba pengo lililoachwa na chembe zinazovunjika. Daftari lake la kliniki lilionyesha kwamba akiwa mzima hemoglobini yake ilikuwa gramu 8.2 kwa desilita, na retikulosaiti, yaani chembe nyekundu changa zilizotoka ubohoni siku hiyo au jana yake, zilikuwa asilimia 11. Kwa mtu asiye mgonjwa retikulosaiti huwa baina ya asilimia 0.5 na 2. Alikuwa akitumia asidi ya foliki na haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, kwa dozi ambayo haikubadilishwa kwa miezi mingi. Macho yake yalikuwa na umanjano hafifu wa kudumu, nayo ni dalili ya kawaida kwa mtu ambaye chembe zake huvunjika kila saa.

Mfululizo wa matukio

Siku mbili kabla ya siku ya 1, watoto wote wawili walihudhuria kliniki yao ya kawaida. Jioni ya siku hiyo mkubwa akapata homa, kichwa kikamuuma na akakohoa kidogo. Siku ya 1 mama alimpeleka katika kituo kilichokuwa karibu. Kipimo cha malaria kilitoka hasi. Mtoto alipewa antibiotiki, na uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa bandama ya mgonjwa wa selimundu hupoteza kazi yake mapema na homa yoyote inaweza kuwa mwanzo wa maambukizi mazito ya bakteria katika damu. Hemoglobini ilipimwa ikawa gramu 6.2. Aliyempokea aliandika kwamba kiwango hicho ni cha kawaida kwa watoto wenye selimundu, akamruhusu arudi nyumbani. Daftari la kliniki lilikuwa mkobani mwa mama. Hakuulizwa kuhusu daftari hilo, na yeye hakujua kwamba namba zilizomo zilihitajika.

Siku ya 2 homa ilishuka. Siku ya 3 mtoto alilala muda mwingi na hakutaka kutembea. Siku ya 4 aliletwa hospitalini akihema kwa kasi, mapigo ya moyo yakiwa 148 kwa dakika, viganja na midomo imepauka. Ini lilipapaswa likiwa limevimba kidogo, bandama haikupapasika, na hakuwa na maumivu ya mifupa. Wakati anapimwa, mama alisema jambo ambalo nimelirudia darasani mara nyingi tangu siku ile: "Daktari, macho yake yamekuwa meupe siku hizi mbili. Mimi nilidhani ndiyo anapona."

Hemoglobini ilikuwa gramu 3.9. Chembe nyeupe zilikuwa katika kiwango chake cha siku zote na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 210,000 kwa mikrolita, kiwango cha kawaida. Mawazo ya kwanza ya zamu yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kwamba damu imetuama katika bandama, hali inayoweza kumuua mtoto mwenye selimundu kwa saa chache. La pili, kwamba chembe zimevunjika kwa wingi kwa sababu ya homa. Yote mawili yalikuwa mawazo ya busara, na yote mawili yalipwaya. Kabla hatujamaliza kujadiliana, fundi wa maabara aliyekuwa akitazama slaidi ya damu alipiga simu wodini, akasema, "Daktari, hizi chembe changa sizioni kabisa." Hakuwa ameombwa kuzihesabu. Alikuwa amezoea kuona katika slaidi za wagonjwa hawa chembe kubwa zenye rangi ya samawati hafifu, na safari hii hazikuwapo. Tukaomba hesabu rasmi ya retikulosaiti, ikarudi asilimia 0.2.

Maamuzi na sababu zake

Namba hiyo ilibadili swali letu. Tulikuwa tukiuliza damu imekwenda wapi, na sasa tukauliza kwa nini hakuna inayokuja. Uboho ulikuwa umesimama, na sababu inayoongoza kwa mbali kwa mtoto mwenye selimundu ambaye uboho wake umesimama ghafla baada ya homa ni kirusi cha parvo B19.

Mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba haidroksiyurea ndiyo iliyobana uboho. Hoja hiyo ilistahili kusikilizwa, kwa kuwa dawa hii hupunguza utengenezaji wa chembe. Tuliisimamisha kwa muda, lakini hatukukubali kuwa ndiyo chanzo. Dozi ilikuwa ileile kwa miezi, na dawa inapozidi nguvu kwa kawaida hushusha chembe nyeupe na chembe sahani pamoja na retikulosaiti, ilhali hapa mstari mmoja tu wa seli ulikuwa umekatika. Kirusi cha B19 nacho kinaweza kugusa mistari mingine, hivyo hoja hii peke yake isingetosha. Kilichotusadikisha ni homa iliyotangulia, kasi ya anguko na retikulosaiti zilizokaribia sifuri, vyote kwa pamoja.

Uamuzi wa pili ulihusu damu. Agizo la kwanza lililoandikwa lilikuwa kumwongezea damu nyingi kwa haraka, kama anavyofanyiwa aliyetokwa na damu katika ajali. Lilifutwa kabla halijatekelezwa. Mtoto huyu hakuwa amepungukiwa ujazo wa mishipa. Mwili ulikuwa umejaza maji mahali pa chembe zilizopotea, na moyo ulikuwa tayari unasukuma kwa nguvu kufidia. Ujazo mkubwa wa ghafla ungeweza kuuelemea. Tulimpa chembe nyekundu zilizokolezwa, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, kwa saa 4, tukimpima mapigo, upumuaji na ini, na kesho yake tukarudia kiasi hichohicho. Hatukulenga kuipandisha hemoglobini juu ya kiwango chake cha uzima, kwa sababu damu ya selimundu ikiwa nzito hupita kwa shida katika mishipa midogo. Damu ililinganishwa na ya mtoto kwa antijeni za ziada za Rh na Kell, yaani alama zilizo juu ya chembe nyekundu, maana mgonjwa ambaye huenda akaongezewa damu mara nyingi maishani hana budi kulindwa asitengeneze kingamwili dhidi ya damu ya watu wengine.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kumtenga. Mtoto wa kawaida anayepata kirusi hiki hutokwa na wekundu mashavuni wakati kingamwili zake zimeshaanza kukishinda, kwa hiyo anapoonekana mgonjwa huwa amekwisha kuacha kuambukiza kwa kiasi kikubwa. Kwa mwenye selimundu mambo ni kinyume: analetwa hospitalini damu yake ikiwa bado imejaa virusi. Aliwekwa chumba cha peke yake, wahudumu wakavaa barakoa, na msisitizo ukawekwa kwenye kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa kuwa kirusi hiki hakina utando wa mafuta na dawa zinazoua kwa kuyeyusha utando haziwezi kukimaliza vizuri. Muuguzi mmoja wa zamu alikuwa na mimba changa, akahamishiwa wodi nyingine siku hiyohiyo. Kirusi cha B19 kinaweza kuvuka kondo la nyuma na kusimamisha utengenezaji wa damu ya mtoto tumboni, na hatari ni kubwa zaidi katika wiki 20 za kwanza. Damu yake ilipimwa, ikaonekana ana kingamwili za IgG, ambazo hubaki baada ya maambukizi ya zamani, bila zile za IgM, ambazo ni za maambukizi mapya. Kama ilivyo kwa zaidi ya nusu ya watu wazima, alikuwa ameshakutana na kirusi hiki zamani na alikuwa salama.

Uamuzi wa nne, ambao nauona kuwa bora kuliko yote tuliyofanya, ulimhusu mtoto asiyekuwa mgonjwa. Mdogo wake alikuwa akicheza ukumbini. Alipimwa siku ya 4: hemoglobini gramu 7.6, retikulosaiti asilimia 10. Wapo walioona kwamba hapo suala limekwisha. Tulimweleza mama kwamba matokeo hayo yanasema habari za leo tu, na kwamba kama mdogo ameambukizwa kutoka kwa mkubwa, uboho wake unaweza kusimama wiki moja au mbili baadaye. Tulimpangia vipimo siku ya 7, ya 10 na ya 13, na tukamfundisha mama kuangalia weupe wa viganja, uchovu, na kupotea kwa umanjano wa macho.

Matokeo

Baada ya damu ya kwanza hemoglobini ya mkubwa ilifika gramu 5.2, na baada ya ile ya pili gramu 6.4, mapigo yakatulia. Siku ya 7 retikulosaiti zilikuwa bado asilimia 0.3. Siku ya 9 zilifika asilimia 2.4, na katika slaidi zikaonekana chembe nyekundu zenye kiini, ambazo uboho huzisukuma nje kabla hazijakomaa unapoamka kwa kishindo. Siku ya 11 retikulosaiti zilikuwa asilimia 16, akaruhusiwa. Wiki tatu baadaye hemoglobini yake ilikuwa gramu 8.0, na haidroksiyurea ikarejeshwa.

Majibu ya PCR, kipimo kinachotafuta DNA ya kirusi, na ya kingamwili za IgM yalirudi baada ya mtoto kwenda nyumbani. Yote yalithibitisha B19.

Mdogo alikuwa sawa siku ya 7. Siku ya 10, akiwa na joto kidogo tu na hamu yake ya kucheza haijapungua, retikulosaiti zilikuwa asilimia 0.9 na hemoglobini gramu 6.7. Alilazwa papo hapo. Siku ya 12 hemoglobini ilifika gramu 5.3, akaongezewa damu mara moja, na hakuwahi kufika mahali pa kuhema kama kaka au dada yake alivyohema.

Uchambuzi: kwa nini siku chache tu zilitosha

Kirusi cha B19 kiligunduliwa kwa bahati London katikati ya miaka ya 1970, wakati Yvonne Cossart na wenzake walipokuwa wakipima damu kutafuta homa ya ini aina ya B; jina lake limetokana na namba ya sampuli iliyoonyesha jambo lisiloeleweka. Mwaka 1981 kikahusishwa na kusimama kwa uboho kwa wagonjwa wa selimundu. Ni kirusi kidogo sana, chenye uzi mmoja wa DNA wa herufi 5,600 hivi. Kwa udogo huo hakina vifaa vya kujinakili, hivyo hutegemea seli inayogawanyika, na hupenda hasa seli mama za chembe nyekundu. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba hushikamana na antijeni P iliyo juu ya seli hizo, na mwaka uliofuata ikabainika kwamba watu wachache sana waliozaliwa bila antijeni hiyo hawaambukizwi. Seli ikishavamiwa huacha kugawanyika, halafu hufa. Hali hii hudumu siku 7 hadi 10, mpaka kingamwili zinapokisafisha kirusi kutoka katika damu.

Kirusi hufanya kazi ileile kwa kila anayeambukizwa. Kinachotofautiana ni hesabu. Mtu mwenye hemoglobini ya gramu 13, ambaye chembe zake huishi siku 120, hupoteza karibu sehemu moja ya 120 kwa siku. Uboho wake ukisimama siku 8, atashuka kwa chini ya gramu 1, na huenda asijue kamwe kwamba jambo lilitokea. Chukua sasa mtoto wetu: gramu 8.2, chembe zinazoishi siku 12 hivi. Anapoteza karibu gramu 0.7 kila siku. Ukigawa anguko lake lote, kutoka 8.2 hadi 3.9, unapata siku 6, yaani uboho ulikuwa umesimama siku mbili au tatu kabla hajafika kituoni mara ya kwanza. Ile gramu 6.2 ya siku ya 1 ilikuwa sehemu ya mteremko uliokuwa unaendelea, na aliyeisoma aliiona kama mahali mtoto aliposimama.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo, na sipendi alaumiwe mtu mmoja. Kusema kwamba watoto wenye selimundu huwa na damu kidogo ni kweli. Kumlinganisha mtoto na kundi badala ya kumlinganisha na yeye mwenyewe ndiko kulikopoteza siku tatu. Gramu 6.2 ni uzima kwa mtoto ambaye siku zote yuko kwenye 6.5, na ni hatari kwa aliyezoea 8.2. Fomu ya kuomba vipimo katika kituo kile haikuwa na nafasi ya retikulosaiti, na sisi wa kliniki, ambao tulikuwa tumeandika kiwango chake katika daftari kila mwezi, hatukuwa tumemwambia mama aionyeshe namba hiyo kwa kila atakayempokea. Tangu wakati huo kiwango cha uzima tunakiandika kwenye jalada la mbele, kwa herufi kubwa.

Kosa la pili lilikuwa la tafsiri. Umanjano wa macho ya mgonjwa wa selimundu ni majivu ya chembe zinazoungua. Chembe zikibaki chache, majivu nayo hupungua, na macho hung'aa meupe wakati mtoto anazidi kuishiwa damu. Mama aliliona badiliko hilo siku mbili kabla yetu. Aliona sawasawa, alikosa tu mtu wa kumwambia lina maana gani. Weupe wa viganja pamoja na macho yaliyopoteza umanjano ungemwelekeza yeyote ubohoni, kwa sababu chembe zinapovunjika kwa wingi umanjano huzidi, na damu inapotuama katika bandama, bandama hukua, chembe sahani hushuka na retikulosaiti hubaki juu.

Kilichofanya kazi ni jicho la fundi wa maabara, na uhuru aliokuwa nao wa kupiga simu kuhusu jambo ambalo hakuulizwa. Mahali ambapo maabara hujibu kilichoandikwa kwenye fomu tu, tungemtibu mtoto huyu kwa damu, angepona, na tungeandika kwenye jalada lake sababu isiyo sahihi. Yeye asingedhurika sana na kosa hilo. Mdogo wake ndiye angedhurika, kwa kuwa vipimo vyake vya siku ya 7 na ya 10 vilipangwa kwa sababu tulilijua jina la kirusi.

Mama aliuliza kama ugonjwa huu utarudi. Kwa kawaida maambukizi ya B19 huacha kinga ya maisha, na hatutarajii uboho wa watoto hawa kusimama tena kwa sababu hii. Tulimwonya, hata hivyo, kwamba bandama, malaria na maambukizi mengine havikufungwa na kinga hiyo, na kila weupe mpya wa viganja utahitaji kuchunguzwa upya, kwa hemoglobini na retikulosaiti pamoja.

Lipo jambo moja tulilochelewa nalo, nalo linanisumbua kuliko yote. Siku ile watoto hawa walipohudhuria kliniki, mkubwa alikuwa tayari anaambukiza, na ukumbi ulikuwa umejaa watoto wenye selimundu. Tulijua hivyo siku ya 4. Tulisubiri majibu ya uthibitisho, na kliniki haikuarifiwa mpaka siku ya 9, majibu yenyewe yakiwa bado hayajarudi, ingawa asilimia 0.2 ya retikulosaiti ilikuwa imetosha kumtibu na kumtenga mgonjwa wetu na ingetosha kabisa kuwapigia wazazi simu. Walipoitwa, watoto wawili walikutwa uboho wao umesimama. Mmoja alikuwa bado na gramu 6.0, akafuatiliwa kwa karibu. Wa pili alifika akiwa na gramu 3.1, akaongezewa damu usiku uleule, na akapona.